Pikapu Iliyonunuliwa kwa Ng'ombe wa Nyangeta

Siku ya kwanza nilipokwenda kuanza kazi ya gereji nilivaa shati jeupe. Ndilo lilikuwa shati langu la maana, na kichwani mwangu mtu anayekwenda kuanza kazi mjini alipaswa kuvaa hivyo. Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Sisemi kwa aibu. Wapo niliowaacha darasani wakaendelea mpaka vyuo, na leo gari likiwazimikia barabarani wananipigia simu mimi, Manyama.

Gereji yenyewe ilikuwa Iringo, Musoma mjini, uwanja wa vumbi nyuma ya maduka, magari saba yamefunuliwa boneti kama viboko wanaopiga miayo. Bosi wetu tulimwita Fundi Mkuu. Jina lake la kuzaliwa nililisikia mara ya kwanza likisomwa msibani kwake. Siku hiyo ya kwanza alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Umekuja kuoa?"

"Nimekuja kazini, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi lala chini."

Akanionyesha uvungu wa lori lililokuwa likidondosha oili. Nikatazama shati langu, nikamtazama yeye, nikalala. Nilipotoka aliniuliza nimeona nini. Nikasema nadhani giaboksi inavuja.

"Sijakuuliza unadhani nini. Nimekuuliza umeona nini. Rudi."

Nikarudi. Mara ya pili nikamwambia kwamba oili imeanzia mbele, upepo wa mwendo umeipeperusha kwenda nyuma, imeshika vumbi njia nzima mpaka kwenye difu, yaani lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo inayovuja ni injini, giaboksi inasingiziwa. Fundi Mkuu akacheka kwa pua.

"Haya. Gari haijui kusema uongo, kijana. Anayesema uongo ni dereva. Usianze na dereva, anza chini."

Shati halikutakata tena. Lakini mshike maneno hayo, ninyi mnaosoma, maana yalinigharimu kuyasahau.

Iringo nilikaa miaka sita, na mwaka wa tatu tayari nilikuwa nasikiliza injini vizuri kuliko walionitangulia. Tulikuwaga hatuna hizi kompyuta mnazochomeka leo mkasubiri ziwaambie. Tulitumia bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye injini, mpini unaukandamiza sikioni, unasikia kila kitu kilichomo ndani kama daktari anavyosikia kifua. Beringi zikianza kulegea zinagonga kwa sauti nzito, ya chini. Pistoni iliyochoka inapiga kofi jepesi. Nozeli, zile pua zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, zina mlio kama wa nyenje. Nilikuwa naweza kufumba macho nikakwambia silinda namba ngapi inaumwa. Fundi Mkuu alijaribu kunitega mara nyingi. Alikata tamaa yeye.

Sifa zikafika Bunda. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilikuwa na malori yanayozunguka vijijini kukusanya pamba ya wakulima, na msimu ukianza malori yalikuwa yanakufa kama kuku wa kideri. Wakaniita. Bosi wangu huko alikuwa Meneja Usafirishaji, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na hasira nyingi, na asubuhi ya kwanza alinipa brashi ya kufulia nguo.

"Hii ndiyo spana yako ya kwanza," akasema. "Ukiniuliza ya nini nakurudisha Musoma."

Sikuuliza. Jioni nikaona mwenyewe. Nyuzi za pamba zinapeperuka kila mahali, zinaingia kwenye rejeta, lile sanduku la maji lililo mbele ya injini, zinajibana kwenye matundu yake hadi upepo unashindwa kupita. Maji yanachemka, injini inaungua. Kila jioni tuliziswaki rejeta zote kwa maji na brashi.

"Injini inapumulia mbele," Meneja alisemaga, akipita mikono nyuma. "Ukiiziba pua umeiua kwa mikono yako. Kwenye barabara hizi mawe hayajawahi kuniua gari. Pamba ndiyo imeniua magari."

Msimu wangu wa kwanza hakuna lori lililokufa. Wa pili hakuna. Meneja aliponiandikia barua ya sifa nilimwomba anisomee kwa sauti mbele ya madereva wote, akanisomea, na sikuona haya hata kidogo.

Kutoka Bunda nilikwenda Butiama kwenye mradi mmoja wa maji. Huko mkubwa wetu aliitwa Bwana Mhandisi, mstaarabu mno, anayesema "samahani" kabla ya kukutuma. Alikuwa na uwanja uliojaa magari mabovu, na makao makuu walikuwa wanamtaka aseme yapi yatengenezwe na yapi yauzwe kama skrepa, chuma chakavu. Wataalamu wawili walikuja na makaratasi wakabishana siku nne. Walipoondoka Bwana Mhandisi alinipa kipande cha chaki.

"Samahani, Manyama. Mimi nina digrii, lakini wewe una masikio. Pita uwanjani uniwekee alama."

Nikapita. Duara kwenye boneti maana yake tengeneza. Msalaba maana yake uza. Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Yale ya duara yote yalitembea. Yale ya msalaba yaliuzwa. Tangu siku hiyo chaki haikutoka mfukoni mwangu.

Nikafungua gereji yangu mwenyewe Nyasho, Musoma, kwa mikono hii na akili hii, bila mjomba wa kunishika mkono. Kutengeneza walikuwepo wengi. Kilichoniletea watu ni kule kuhukumu. Gari likishanoki injini, yaani imekufa imeganda ndani, mwenye gari huwa kama mfiwa: kila mtu anamshauri, na kila mshauri ana fundi wake au mnunuzi wake. Mimi nilikuwa naitwa Musoma, Bunda, Butiama, mpaka visiwani, kuja kusema neno moja.

Na siri yake niwaachie. Injini ikifa watu wote wanakodolea injini. Mimi naanza na chesisi, yale mapande marefu ya chuma yanayobeba gari zima. Injini inaweza kupatikana nyingine; chesisi iliyoliwa na kutu ni kaburi, hata uifungie injini ya ndege. Kisha nauliza spea zake kama bado zinapatikana bila kuua gari la mwenzako. Kisha blogu, tumbo la injini lenyewe: likipasuka kwa nje ukaona mguu wa pistoni umechungulia, usibishane, nenda kazike. Mwisho namtazama mwenye gari machoni nijue anaihitaji au anaipenda tu. Baada ya hapo natoa chaki. Nikishaandika sifuti. Watu walisemaga, "Manyama akiweka msalaba, hata malaika hafuti." Nami niliipenda sana kauli hiyo.

Sasa nije kwenye pikapu.

Mzee Wambura wa Butiama, mfugaji na mkulima, mtu wa kanisani mstari wa mbele, alinipigia simu asubuhi moja.

"Fundi, ng'ombe wangu amelala njiani."

"Mzee, mimi si bwana mifugo."

"Unamjua huyu ng'ombe. Ana matairi."

Nilimjua. Ilikuwa pikapu ya dizeli, ya zamani, rangi ya samawati iliyopauka mpaka ikafanana na moshi wake. Historia yake kila mtu Butiama aliijua. Kwetu ng'ombe wa mahari ya binti huwa na mtu wao. Dada akiolewa, ng'ombe walioletwa wanamngoja kaka yake aliyepangiwa naye, awatumie kuoa. Nyangeta, binti wa Mzee Wambura, aliolewa Bunda. Ng'ombe wake walikuwa wa kaka yake, Magesa. Lakini kabla Magesa hajapata mchumba, mzee aliwauza ng'ombe wote akanunua pikapu ya kubebea maziwa na mahindi kwenda Musoma, akamwahidi kijana mbele ya ukoo: "Hii itazaa. Utaoa kwa uzao wake."

Na kweli ilikuwa imeanza kuzaa. Ndama walikuwa wamerudi zizini, ila hawajatosha. Magesa, mwenyewe dereva, alikuwa amepata mchumba Kiabakari, na wakwe walikuwa wameshatuma watu mara mbili kuuliza ng'ombe wanakuja lini au hawaji. Pikapu ikienda skrepa, uzao umekwisha, na mchumba ataolewa kwingine. Yote hayo nilikuwa nayajua nilipowasha gari langu kwenda Butiama. Sikwenda kipofu. Nilipofushwa na kitu kingine.

Siku hiyo mchana nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi hapa Nyakato, Musoma. Mimi, mtu mwenye jina lake mjini. Nilivaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka linakata, nikajisemea nitapita Butiama, nitasema neno langu, nitarudi.

Nilikuta watu wamejaa uani. Pikapu ilikuwa imevutwa kutoka barabara kuu na maksai wanne, na majirani walikuwa bado wanalicheka hilo.

"Ng'ombe wamemleta mwenzao nyumbani," mmoja aliniambia. "Sisi tunasubiri supu tu."

Pembeni lilikuwepo lori la mnunuzi wa skrepa kutoka Mwanza, kijana mwenye maneno mengi na mzani wa kuning'iniza. Hao wanasikia harufu ya injini iliyokufa kabla hata ya mwenye gari.

Magesa alisimama karibu na mlango wa pikapu, mikono mifukoni. Nikamuuliza imekuwaje.

"Nilikuwa natoka kusaga mahindi, Fundi. Nadhani kuna jiwe lilipiga chini. Nati ya sampu ikadondoka, oili ikaisha, mi sikujua. Ikazima. Asubuhi nikajaribu kuwasha, imegoma kabisa."

Sampu ni bakuli la oili chini ya injini, na nati yake ni kizibo cha kumwagia oili chafu. Oili ikiisha, vyuma vinasagana vikavu, vinashikana. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: kikavu. Nikaweka spana kwenye nati ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na nguvu nilikuwa nazo. Haikusogea hata kwa unywele. Fundi yeyote angesema imenoki.

Lakini mimi si fundi yeyote, na ndiyo maana nawaeleza haya. Kulikuwa na kazi mbili ambazo Fundi Mkuu angenipiga kofi kwa kuziacha. Ya kwanza, kulala chini. Nilitazama vumbi, nikatazama shati langu, nikaona saa. Ya pili, kufungua nozeli kabla ya kuhukumu injini isiyozunguka. Vifaa vilikuwa ndani ya gari langu, hatua ishirini. Sikuvifuata. Halafu kwenye bampa la mbele kulikuwa na kipande cha kamba ya bluu kimefungwa fundo gumu. Nilikiona kwa macho yangu. Sikukiuliza.

Nikatoa chaki. Nikachora msalaba.

Mama Nyangeta, mke wa mzee, aliingia ndani. Mnunuzi wa skrepa akaanza kushusha minyororo. Magesa alitazama ardhi, na mimi nikadhani ni huzuni tu.

"Magesa," Mzee Wambura akasema, "mpigie dada yako aje."

Kijana akashtuka. "Baba, dada ana shughuli. Ni msimu."

"Mpigie."

"Mzee," mnunuzi akaingilia, "huyo dada naye ni fundi?"

"Ni mwenye ng'ombe. Ng'ombe wa mahari hachinjwi wakati mwenyewe hayupo. Nilipowauza alikuwepo. Wakichinjwa atakuwepo."

"Sasa baba, hii si ng'ombe. Hii ni kilo tu."

"Hata wewe ukipanda mzani wako ni kilo tu," mzee akamjibu. "Kaa, unywe uji."

Watu wakacheka. Mimi nikaaga. Mzee Wambura akanishika mkono, si kwa nguvu, lakini hakuuachia.

"Na wewe utasubiri, Fundi. Aliyesema amekufa hukaa na wafiwa."

Ungemkatalia vipi? Nikaketi kwenye kiti, shati langu limenyooka, kamati yangu inaendelea bila mwenyekiti. Magesa hakula wala hakuketi.

Nyangeta alifika mchana umepita, kwa bodaboda kutoka Bunda, amejifunga kitenge, nyuzi za pamba bado zimemganda kwenye nywele. Mwanamke mrefu, anatembea kama anayehesabu hatua. Akawaamkia wazazi wake, akatuamkia sisi, kisha akaenda kwenye pikapu akaizunguka yote. Alipofika mbele aliinama akashika ile kamba ya bluu.

"Mbona kamba yangu iko hapa bado?"

Akageuka kwa kaka yake.

"Magesa. Hukuwaambia?"

"Dada, acha."

"Niache nini? Baba, hii kamba ni yangu. Huyu hakwenda kusaga. Mimi ndio nilimwita. Mume wangu anaumwa, pamba ilikuwa inanilalia shambani na mvua ilikuwa inakuja. Akaja akanipakilia. Nyuma palijaa, likabaki furushi moja kubwa. Nikamwambia lifunge mbele. Akasema dada hapa hapafungwi kitu. Nikamwambia funga, ni mwendo mfupi."

"Mbele wapi?" niliuliza, na nilisikia sauti yangu imebadilika.

Akaupiga kwa kiganja ule wavu wa mbele, mahali rejeta ilipo. "Hapa. Lilifunika hapa pote."

Injini inapumulia mbele. Meneja Usafirishaji alikuwa kama amesimama nyuma yangu na kalamu zake tatu.

Nililala chini. Sikuvua shati, sikutandika gunia, nililala kama siku ile Iringo. Na nikaona ambacho mtoto angekiona. Kizibo cha sampu kikidondoka gari likiwa mwendoni, oili inapeperuka nyuma, inaloanisha uvungu mzima na kushika vumbi mpaka kwenye difu. Uvungu wa pikapu ile ulikuwa mkavu, vumbi lake jepesi kama unga. Oili haikuisha barabarani. Ilimwagwa gari likiwa limesimama. Na tundu la kizibo lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo wa jiwe.

Nikamwita kutoka huko huko chini. "Magesa. Nati iko wapi?"

Akatoa mkono mfukoni. Alikuwa nayo humo, tangu alipoifungua. Akainyoosha kwangu kiganjani.

Mzee Wambura akamsogelea. "Ulikuwa unamficha dada yako?"

"Ndiyo, baba. Nilisema wakijua ukweni kwake kuwa pamba yake ndiyo imeua pikapu, watamsema maisha yake yote. Nikamwaga oili, ili niseme ni jiwe."

"Na kuoa je?"

Magesa akatazama njia iendayo Kiabakari.

Mzee akamgeukia binti yake. "Na pamba yako ilifika?"

"Ilifika, baba."

"Basi." Akanitazama mimi. "Fundi, endelea na msiba."

Nikavifuata vifaa vyangu. Sikutembea, nilikimbia, na watu waliliona hilo. Maana sasa nilikuwa nimeshaelewa. Injini iliyokauka oili na injini iliyochemka ni vifo viwili tofauti, na cha pili mara nyingine si kifo. Joto likizidi, gasketi inaungua, lile karatasi gumu linaloziba kati ya blogu na kichwa cha injini. Injini ikipoa, maji ya rejeta yanapenya polepole ndani ya silinda. Asubuhi ukiwasha, pistoni inapanda, inakutana na maji juu yake, na maji hayabanwi. Inagoma. Unaweka spana, haiendi. Utaapa imenoki, kumbe imejaa maji tu, kama mtu aliyepaliwa.

Nikafungua nozeli zote nne. Nikamwita Magesa.

"Shika spana. Zungusha wewe."

Akazungusha. Kwanza hakuna. Kisha krenki ikaachia ghafla, na maji yenye kutu yakaruka kutoka kwenye silinda ya tatu, yakapaa juu ya boneti, yakamwosha mnunuzi wa skrepa kuanzia kofia mpaka kwenye bakuli la uji. Ua mzima ulicheka mpaka Mama Nyangeta akatoka ndani kuuliza. Mnunuzi naye, nimpe haki yake, alicheka. Akakung'uta kofia, akakusanya minyororo yake, akasema, "Mzee, nimeamini. Hii si kilo."

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa natazama msalaba wangu. Niliufuta kwa mkono wa shati, mbele ya watu wote, mara tatu, maana chaki ilikuwa imekwishashika. Kisha nikatoa kipande changu nichore duara.

Mzee Wambura akanyoosha kiganja. "Nipe hiyo."

"Mzee, nataka niandike imepona."

"Umeandika mara moja leo, inatosha. Nipe. Duara utachora siku pikapu itakapokuwa imemaliza kuzaa."

Nikampa. Katika maisha yangu ya kazi hakuna mtu mwingine aliyewahi kuninyang'anya chaki.

Kazi yenyewe niliifanya mwenyewe, hapo hapo uani, na sikumwachia fundi wangu hata nati moja. Nilikagua kuta za silinda kwa ukucha: ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mkwaruzo, silinda imeharibika, ukiteleza, inaishi. Ukateleza. Kichwa cha injini nilikipaka mafuta ya taa upande mmoja na chaki ya unga upande wa pili, nikakiacha mpaka kesho yake nione kama mafuta yatachora mstari penye ufa. Hayakuchora. Kilikuwa kimepinda kidogo tu, kikapelekwa Mwanza kusawazishwa kwenye mashine. Gasketi mpya, oili mpya, maji safi. Magesa aliswaki rejeta kwa brashi ya kufulia, akatoa pamba ya dada yake uzi kwa uzi. Alipoiwasha, ilikohoa moshi mweupe, ikasita, kisha ikashika. Niliweka bisibisi sikioni. Nyenje wanne, wote wazima.

Tangu hapo nikaongeza jambo moja kwenye kazi yangu, na halimo kwenye kitabu cha mtu. Kabla sijatoa chaki nilikuwa nauliza: nani mwingine ana sehemu yake kwenye gari hili, na kwa nini hayupo hapa? Mara nyingi asiyekuwepo ndiye anayejua. Mke aliyekuwa kiti cha nyuma. Kondakta aliyefukuzwa. Mteja aliyebebewa mzigo. Wakija, nusu ya ugonjwa inajieleza yenyewe, na mimi nalala chini kuthibitisha nusu iliyobaki.

Mwaka jana nilipumzika. Nina miaka hamsini na minane, mgongo umekataa uvungu, na mtu asiyeweza kulala chini hana haki ya kuhukumu gari. Nyumba ninayo Nyakato, ya matofali, niliijenga kwa spana. Wanangu wamesoma kuliko mimi na bado wananiuliza gari gani wanunue. Nakaa kibarazani asubuhi nikisikiliza magari yanavyopita, na bado naweza kuwaambia lipi litarudi na lipi litavutwa. Sina deni na kazi yangu, nayo haina deni na mimi.

Lilikuwa limebaki jambo moja tu. Kabla sijafunga gereji, nilialikwa Butiama. Magesa alikuwa anaoa. Mchumba wa Kiabakari alikuwa amengoja, na zizi la Mzee Wambura lilikuwa limeshatoa ng'ombe wote waliotakiwa, uzao wa maziwa na mahindi ya pikapu ile ile. Nyangeta alikuwepo na mume wake, amepona. Nilikalishwa pamoja na wajomba.

Wakati wa nyama, Mzee Wambura aliinuka, akaja mpaka nilipokaa, akafungua leso. Ndani kulikuwa na kipande cha chaki, kimepungua kidogo kwa kukaa, lakini ni chenyewe.

"Haya, Fundi. Imemaliza kuzaa."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kivulini pa nyumba, mbele yake wazi, hakuna kilichofungwa. Watu walinifuata. Nilimwuliza Nyangeta kama anakubali, akasema anakubali. Nikachora. Duara halikuwa duara sana, lilifanana zaidi na yai. Mmoja wa wajomba akasema nifute nichore vizuri.

Nikamwambia mimi nikishaandika sifuti, na nikakiacha kile kipande cha chaki palepale juu ya boneti.